Mlango Mgongoni

Sikwenda kutazama filamu.
Mvua ilinikuta kwenye mteremko wa Kadutu
na gunia la mihogo mikavu mgongoni,
mvua ile ya Bukavu isiyojua hodi.
Mihogo ikilowa, siku yangu imelowa.
Nikajitosa kwenye chumba cha video cha Cikuru,
gunia nikaliegemeza ukutani,
mkanda nikauacha kichwani.
"Faranga mia tatu, mama."
"Sina."
"Basi kaa mlangoni, usizibe watu."

Ilikuwa filamu ya Kihindi.
Nikasema moyoni: haya, wataimba, watakimbizana kwenye maua,
mvua itakatika, nami nitakwenda zangu.
Cikuru ndiye mtafsiri, kipaza sauti mkononi.
Kihindi hakijui; anajua watu.
Waziri akitokea, anampa sauti ya mtoza kodi wa soko letu
na chumba kizima kinavunjika mbavu.

Kumbe maua hayakuwamo.
Kulikuwa na mtaa wa mabati chini ya barabara mpya,
na watu wenye karatasi, na kopo la rangi nyekundu,
na msalaba ukichorwa nyumba kwa nyumba.
Kicheko kikakauka.
Msalaba ule tunaujua.
Upo kwa Mushobekwa, upo kwa fundi cherehani.
Kwangu waliuchora mlangoni, Jumanne,
rangi ikachuruzika mpaka kizingitini,
mwanangu akauliza kama tumekuwa kanisa.

Mashine ikaja, ikaula mtaa.
Yule mama
(jina lake Cikuru alilitamka mara tatu, kila mara tofauti)
hakulia. Aliingia kwenye vumbi
akauchomoa mlango wake, mzima, na bawaba zake,
akaubeba mgongoni
akashika njia ya mahakamani.

Hapo nikasahau mvua.
Nilimtazama nyonga, nilimtazama magoti.
Kamba ameipitisha kifuani, itamkata pumzi!
Nikasema kwa sauti, gizani mle:
"Ipandishe kwenye paji la uso, mama.
Inama kidogo. Usitazame mbali. Hesabu hatua."
Hakuna aliyeninyamazisha.
Kijana mmoja mbele yangu aligeuka, akaona paji langu,
bonde hili mkanda umelichimba miaka kumi na saba,
akarudisha macho yake taratibu.

Alitembea. Magari yalimpigia honi.
Askari mmoja alimzunguka mara mbili
kama anayeuliza bei.
Wimbo ukaanza, na wavulana ambao wimbo ukianza
hutoka kukojoa
hawakutoka.
Cikuru alikuwa ameweka kipaza sauti chini.
Kihindi kikabaki peke yake chumbani
na tukakielewa, sijui kwa sikio lipi.

Akafika. Ngazi nyingi, kama zetu za kupanda kutoka Muhanzi.
Akausimamisha mlango juu kabisa, mbele ya nguzo,
mlango usio na ukuta, usio na paa,
akapita nyuma yake, akaufunga,
akangoja.
Sisi nasi tukangoja.
Hakimu akatoka na joho lake. Akautazama mlango.
Akainua mkono

na umeme ukakatika.

Hakuna aliyedai faranga zake.
Mvua ilikuwa imekwisha zamani, hatukuwa na habari.
Mtu akapenga kamasi.
Kisha Cikuru, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo:
"Alikuwa anabisha hodi."
Mwanamke nisiyemjua akajibu: "Alikuwa anasukuma."
Wakabishana, watu wakagawanyika,
ubishi ukatoka nje, ukashuka na matope
mpaka sikuusikia tena.

Mihogo ilikuwa imelowa upande mmoja.
Mwenye mali alinikata nusu, na sikugombana naye,
jambo ambalo si kawaida yangu.

Usiku, mtoto amelala,
niliwasha kibatari nikaukagua mlango wangu.
Bawaba mbili. Misumari sita, mmoja umelegea.
Mbao za mkalitusi, nyembamba.
Niliuinua kidogo kwa bega, nikaurudisha.
Haufiki kilo thelathini.
Nimebeba mizito.